Amri juu ya WhatsApp, hasara kwa kampuni za simu

Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ilikataza ujumbe mfupi wa simu katika inchi nzima. Januari 2015 ikakata intaneti. Desemba 2016, muhula wa Rais Kabila ulipofika mwisho, ARPTC, inayosimamia posta na simu, iliagiza mitandao kama Facebook na WhatsApp ifungwe. Wenyewe wako Marekani. Amri iliwaangukia Vodacom, Airtel na Orange. Na nani atakataa, wakati leseni inatoka kwa serikali?

Pigo kubwa lilianza 31 Desemba 2018: karibu siku 20 bila intaneti. Kampuni hazikuuza mega. Familia zilizotawanywa na vita hazikuweza kutumiana hata picha ya mtoto. Zilibaki kupiga simu, na inite huisha haraka.