Sarufi ya Mikono Chini ya Rwenzori: Historia ya Lugha ya Alama Ikitazamwa kutoka Kasese

Lugha nyingi hupokezwa na mzazi kwa mtoto, na kwa sababu hiyo wanahistoria huzifuatilia kwa kufuata koo, ndoa na uhamaji. Lugha za alama, yaani lugha ambazo sarufi yake hubebwa na mikono, uso na kiwiliwili badala ya sauti, hazikupita njia hiyo, kwa kuwa watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao hawana lugha ya namna hiyo ya kuwarithisha. Historia yake hufuata mahali ambapo viziwi walipata kukutana. Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kuanzia Ibanda iliyo kwenye njia ya kupandia Rwenzori kupitia Nyakalengija hadi Bwera iliyo karibu na mpaka wa Kongo, jambo hilo hudhihirika waziwazi, kwa maana hapa kulikuwa na viziwi tangu zamani, lakini kukutana kwao kulichelewa.

Wakonzo, ambao ndio wenyeji wengi wa miteremko hiyo, waliishi katika makazi yaliyotawanyika juu ya migongo ya vilima, yakitenganishwa na mabonde na mito kama Mubuku. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, ikifuata shaba ya Kilembe, mji ulianza kukua bondeni, ila watu wengi walibaki vilimani. Mtoto aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, kwa surua, au kwa athari ya kwinini aliyopewa kutibiwa malaria kali, aghalabu alikuwa kiziwi wa pekee katika ujirani wake. Mtoto wa namna hiyo na jamaa zake hubuni kile ambacho wanaisimu hukiita ishara za nyumbani, yaani mfumo mdogo wa kuonyesha kwa kidole, kuigiza vitendo na kuchora maumbo hewani, unaoeleweka ndani ya familia moja tu. Utafiti wa Susan Goldin-Meadow, uliofanywa kwanza nchini Marekani, ulionyesha kuwa ishara hizo zina mpangilio wake na si vurugu. Lakini mfumo unaotumiwa na kiziwi mmoja hauna wa kuusahihisha, kuufupisha wala kuurithi.

Hapa ndipo isimu tambuzi inapomsaidia mwanahistoria. Tawi hili la isimu, ambalo Ronald Langacker aliliwekea msingi mkubwa kwa kitabu chake cha mwaka 1987, hushikilia kuwa sarufi si kanuni zilizojitenga na maana, bali hutokana na uwezo uleule ambao binadamu huutumia kuona, kushika, kusogea na kukumbuka. William Stokoe alikuwa amekwisha kuthibitisha mwaka 1960 kwamba alama za viziwi wa Marekani huundwa kwa vipashio vidogo, yaani umbo la mkono, mahali na mwendo, sawa na neno linavyoundwa kwa sauti. Waliomfuata, kama Sherman Wilcox, Sarah Taub na Scott Liddell, waliuliza swali jingine: kwa nini umbo la alama mara nyingi hufanana na maana yake, na ufanano huo huingiaje katika sarufi? Jibu lao ni kwamba ufanano hauhusishi alama na kitu chenyewe moja kwa moja, bali alama na namna akili inavyokichukulia kitu hicho. Na kwa kuwa kitu kimoja huweza kuchukuliwa kwa namna nyingi, ni lazima jamii ikubaliane juu ya namna moja. Kwa hiyo mali ghafi ya sarufi ilikuwapo katika kila nyumba ya Ibanda iliyokuwa na mtoto kiziwi, ila makubaliano yalihitaji watu.

Watu hao walikusanywa na shule. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, shule za viziwi zilifunguliwa Namirembe, Kampala, na Ngora katika nchi ya Teso, zikiwa chini ya fikra iliyotawala elimu ya viziwi tangu mkutano wa Milan wa mwaka 1880, kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusoma midomo na kutamka, na azuiwe kutumia mikono. Mikono ilikatazwa darasani, lakini bwenini haikuwa na mlinzi, na huko watoto kutoka pande mbalimbali za nchi walileta ishara zao za nyumbani, wakazilinganisha, wakaacha nyingine na kuzifanya nyingine kuwa za wote. Jambo la aina hiyo lilichunguzwa kwa karibu huko Managua, Nikaragua, ambako watoto viziwi walikusanywa shuleni kuanzia mwaka 1977. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na Ann Senghas na wenzake ulionyesha kuwa wale walioingia baadaye walikuwa wakitenganisha namna ya mwendo na njia yake katika alama mbili zinazofuatana, mahali ambapo watangulizi wao waliigiza mambo yote mawili kwa pamoja. Nchini Uganda marufuku ya darasani ililegezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo Lugha ya Alama ya Uganda ilikuwa tayari mikononi mwa watu wazima waliokulia humo bwenini, ikiwa imechanganya alama za wenyeji na zile zilizotoka Kenya, Uingereza na Marekani.

Sarufi iliyojengeka hivyo haiwezi kuwa ngeni kabisa kwa msemaji wa Kiswahili au Kikonzo, ambaye amezoea kuziweka nomino katika ngeli na kuonyesha ngeli hiyo ndani ya kitenzi, kama anaposema kwamba kiti kimeanguka na mti umeanguka. Lugha za alama nazo huwa na viainishi, yaani maumbo ya mkono yanayoonyesha aina ya kitu ndani ya kitenzi cha mwendo au cha mahali, kama vile mtu aliyesimama, chombo cha safari au kitu bapa. Tofauti ni kwamba ngeli nyingi za Kibantu leo hazifichui kwa urahisi sababu ya nomino kuwekwa humo, ilhali kiainishi cha mkono bado hubeba sura ya kitu. Vivyo hivyo, kitenzi cha kupa, ambacho katika Kiswahili hupokea viambishi vya mtendaji na mtendewa, katika Lugha ya Alama ya Uganda, kama katika nyingi nyinginezo, husogezwa kutoka mahali alipowekwa mpaji hadi mahali alipowekwa mpewa. Mahali hapo si lazima mtu awepo, kwa sababu mzungumzaji hulitenga eneo hewani na kuliacha limwakilishe asiyekuwapo, jambo ambalo Liddell alilieleza kwa nadharia ya Gilles Fauconnier ya nafasi za kiakili, yaani picha za muda ambazo akili huzijenga wakati mazungumzo yakiendelea.

Utoaji wa majina nao unaonyesha tofauti ya mitazamo. Miongoni mwa Wakonzo, majina kama Mumbere, Baluku, Bwambale, Masika na Biira humweka mtoto katika mfuatano wa kuzaliwa kwake, hivyo humtaja kwa nafasi yake katika familia. Jina la alama, ambalo kiziwi hupewa na viziwi wenzake, kwa kawaida huchagua kovu, mtindo wa nywele au tabia moja na kuifanya imsimamie mtu mzima, utaratibu ambao isimu huuita taashira. Kwa jina la kwanza mtu hujulikana kama mwana wa nyumba fulani, na kwa la pili hujulikana kama mwanajamii wa viziwi.

Jamii hiyo ilipata sauti ya kisiasa kupitia Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1973. Katiba ya mwaka 1995 iliitaka dola ihimize maendeleo ya lugha ya alama, jambo ambalo katiba chache sana duniani zilikuwa zimelitaja, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia bungeni. Kamusi ya Lugha ya Alama ya Uganda ilitolewa na Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2006, na mwaka 2014 Sam Lutalo-Kiingi, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni kiziwi, alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire tasnifu yake ya uzamivu kuhusu sarufi ya lugha hiyo.

Bwera huonyesha jinsi historia hii inavyoweza kuchora mipaka yake yenyewe. Kikonzo cha upande wa Uganda na Kinande cha Beni na Butembo upande wa Kongo ni ndugu wa karibu kiasi kwamba msemaji anayevuka kutoka Mpondwe hadi Kasindi huelewana na wenyeji bila taabu. Kwa viziwi waliosoma hali ni tofauti, kwa sababu elimu ya viziwi nchini Kongo iliathiriwa sana na Andrew Foster, mmisionari kiziwi Mmarekani mweusi aliyeanza kazi yake Ghana mwaka 1957 na kufariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, ambaye shule zake zilieneza alama zenye asili ya Marekani zikiambatana na Kifaransa. Mpaka wa kikoloni, ambao lugha ya kusemwa iliupuuza, ulipenya katika lugha ya alama kwa kupitia shule.

Vita navyo vilichelewesha kukutana. Mapambano ya Rwenzururu, yaani harakati za Wakonzo za kutaka kujitenga na ufalme wa Toro, yaliyoanza mwaka 1962 na kuendelea hadi 1982, na mashambulizi ya waasi wa ADF (Allied Democratic Forces) kuanzia Novemba 1996, yaliwahamisha wakazi wa vilimani na kuvuruga masomo. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1997, ukilipia watoto wanne kwa kila familia na kumpa kipaumbele mtoto mwenye ulemavu, mlango wa shule ya kijiji ulifunguliwa kwa mtoto kiziwi. Hata hivyo, pale mtoto alipoingia darasa lisilo na kiziwi mwingine wala mwalimu ajuaye alama, alipata dawati bila kupata lugha, na akabaki na zile ishara alizotoka nazo nyumbani. Haki ya kusoma karibu na nyumbani na haki ya kuwa na lugha ni haki mbili ambazo hazitimizwi kwa hatua moja, na katika nchi ya vilima kama Kasese ya pili hutegemea kama shule, chama au soko vitawaweka viziwi pamoja kwa muda wa kutosha ili alama zao zigeuke kuwa sarufi.