Alipoulizwa Mgonjwa Mwenyewe

Je, nyumbani kwako kuna mtu anayeamka amechoka kana kwamba hakulala, nanyi mkamwita mvivu? Leo tutazungumzia ugonjwa wa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS, na jinsi madaktari walivyojifunza kumsikiliza mgonjwa.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa anaweza kupata ganzi, kuona ukungu, kuyumba au kuchoka mno. Hauambukizi, wala si uchawi. Huwapata wanawake zaidi, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40.

Mwaka wa 1868, huko Paris, Ufaransa, daktari Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina. Alichunguza macho, mikono na usemi wa wagonjwa. Mwaka wa 1955 daktari John Kurtzke wa Marekani alitunga kipimo cha ulemavu, akakipanua mwaka wa 1983. Kipimo hicho kingali kinatumika, lakini hutegemea sana uwezo wa kutembea. Mama anayetembea vizuri ila hana nguvu za kumwogesha mtoto anaweza kuonekana kama hana shida kubwa.

Ndipo mwaka wa 1995 Barbara Vickrey na wenzake, pia wa Marekani, wakachapisha maswali 54 ya kujibiwa na mgonjwa mwenyewe: kuhusu nguvu, maumivu, huzuni, kumbukumbu, hata maisha ya ndoa.

Faida ilionekana. Zamani wagonjwa walishauriwa kuepuka mazoezi, kwa kuwa joto la mwili huweza kuzidisha dalili. Mwaka wa 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha matokeo ya mazoezi ya wiki 15, mara tatu kwa wiki. Waliofanya mazoezi walipata nguvu, na katika wiki hizo huzuni na hasira zilipungua.

Basi mama, usimwambie mgonjwa ajikaze tu. Muulize, “Leo unajisikiaje?” Kisha mwamini. Mwone daktari kuhusu dawa na mazoezi yanayomfaa, na umtajie huzuni pia, kwani hutibika.

Hadi kipindi kijacho, ni mimi muuguzi wako wa jamii. Kwaheri.