DEIWAKA WA KOMPYUTA: KAZI ZA TEKNOLOJIA ZIPO, AJIRA NDIO ZIMEKUWA ADIMU

Kila nikikaa kafe hapa Lindi wadogo zangu wananiuliza swali lile lile: "Bro, nikisoma kompyuta nitapata kazi?" Kwetu Mtanda swali hili si la mchezo, maana ada ya kozi mara nyingi inatoka kwenye korosho za mzee, na korosho msimu wake ni mmoja kwa mwaka. Hela ikienda kwenye kozi ya ovyo, mnasubiri mpaka mwakani.

Jibu langu: kazi utapata, ajira ni habari nyingine. Ajira nazungumzia mkataba, mshahara wa mwisho wa mwezi, likizo, NSSF, na kuondolewa kwa utaratibu kama kuna kuondolewa. Kazi ni kufanya kitu ukalipwa kwa hicho ulichofanya, basi. Kampuni za teknolojia siku hizi zinanunua kazi kwa kipande, ajira zinawapa wachache sana. Yaani udeiwaka tuliouzoea kwenye ujenzi na upakiaji magunia umehamia kwenye kompyuta.

Tuanze na unaoonekana. M-Pesa ya Vodacom iliingia Tanzania 2008, mitandao mingine ikafuata, na tangu hapo mwavuli wa wakala uko kila kona. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019 na siku ya mwisho iliwekwa Januari 20, 2020, hapo vijana wakaingia kibao kusajili watu stendi na sokoni. Mtaani tunawaita freelansa. Fulana ya kampuni, kofia ya kampuni, lakini malipo kwa wengi ni kamisheni kwa kila laini. Mimi mwenyewe nimesimama chini ya mwavuli wa kampuni moja, jina naliacha. Kamisheni ya mwezi mzima ikapotea "kwenye mfumo", na nilipokwenda kulalamika nikakuta bosi wangu naye ni wa kamisheni, anamtafuta bosi wake.

Sasa msidhani haya ni ya mwavuli tu. Twendeni Nairobi, kwenye maghorofa na viyoyozi. Kampuni ya Sama ilikuwa inawachujia Facebook picha na maneno machafu. Ilikusanya vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wakichukuliwa kwa lugha zao. Kazi yenyewe ni kuangalia watu wakichinjwa na watoto wakiteswa, siku nzima, ili wewe usiyaone. Mei 2022 Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyewahi kufanya kazi hapo, aliwashtaki Sama na Meta wenye Facebook. Januari 2023 Sama ikatangaza inaacha kazi hiyo, na watu wapatao 260 wakaambiwa basi. Mwezi huohuo jarida la TIME la Marekani likaandika kwamba Wakenya waliosoma maandishi ya kutisha na kuyawekea alama, ili ChatGPT ijifunze kuyakataa, waliondoka na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa.

Mwaka 2023 wachujaji zaidi ya 180 wakafungua kesi. Meta wakajitetea kwamba wao hawako Kenya, hivyo mahakama za Kenya haziwahusu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema wanaweza kushtakiwa hapo hapo. Mnaona ilivyo? Kijana wa ghorofani na wa mwavuli wanahangaika na jambo moja: bosi wangu hasa ni nani?

Wapo pia wanaofanya vipande wakiwa nyumbani, mtandaoni moja kwa moja. Hao hata mlango wa kugonga hawana. Remotasks ilikuwa inawapa Wakenya wengi kazi za kuweka alama kwenye picha ili kompyuta zijifunze. Machi 2024 ikajiondoa Kenya, na watu waliamka wakakuta akaunti zimefungwa. Hapa kwetu ongezeni hatari ya intaneti yenyewe. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, nchi ikasuasua. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Mwenye mshahara alipumzika. Wa kipande alikula hasara, na mteja wa nje hajui Lindi iko wapi, anachojua ni kwamba kazi haijafika.

"Basi nitasoma kutengeneza programu, hiyo ina hela." Sawa, lakini sikilizeni kisa cha Andela. Ilianza Lagos 2014, ikafika Nairobi 2015. Mpango wao ulikuwa mtamu kweli: wanachukua kijana mwenye kichwa, wanamfundisha huku wanamlipa, kisha wanamuunganisha na kampuni za Marekani. Septemba 2019 waliondoa watu zaidi ya 400 Nigeria, Kenya na Uganda, wengi wao wale wachanga. Sababu waliyotoa ni kwamba wateja wanataka wazoefu. Angalieni mwaka vizuri: ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Kwa hiyo mlango wa wanafunzi ulianza kufungwa kabla hata akili mnemba haijaanza kuandika programu.

Ila akili mnemba imekuja kuusukuma zaidi. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliangalia orodha za mishahara Marekani wakakuta vijana wa miaka 22 hadi 25, kwenye kazi zinazoguswa zaidi na akili mnemba kama utengenezaji wa programu na huduma kwa wateja, ajira zao zimeshuka kwa asilimia 13 ukilinganisha na wengine. Wakubwa wao kwenye kazi zilezile walikuwa hawajatikisika. Mwaka huohuo bosi wa Salesforce, Marc Benioff, alisema mwenyewe kwamba wahudumia wateja wake wametoka 9,000 hadi kama 5,000. Kazi zinazokwenda ni zile za kuanzia: kuchapa, kuingiza data, kujibu wateja, programu ndogondogo. Ndizo hasa ambazo kijana wa kafe alitegemea kupandia.

Swali la kitoto ninalojiuliza: wakiacha kuwachukua wachanga, hao wazoefu watawatoa wapi miaka kumi ijayo? Sijaona kampuni inayolijibu vizuri.

Serikalini ndiko ajira ya kweli imebaki. Halmashauri zina Maafisa TEHAMA, na tangazo likisema "Afisa TEHAMA Daraja la II" ujue hiyo ni ya kudumu. Lakini idadi inatisha. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji, picha zikazunguka dunia nzima. Mwaka 2025 TRA walitangaza nafasi 1,596 wakapata waombaji 135,027, karibu watu 85 kwa kila kiti. Foleni ya safari hii haikupigwa picha sana kwa sababu maombi yalipitia mtandaoni.

Na mtandao una mitego yake, hasa kwa sisi watu wa pwani. Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira inataka namba ya NIDA. Sasa kitambulisho kinasema Hamisi, cheti cha form four kinasema Khamis, cha kuzaliwa kinasema Hamis. Wewe unajijua ni mtu mmoja, mfumo unakuona watu watatu. Tengeneza kiapo cha majina mapema, usisubiri tangazo ndio uanze kukimbizana na wakili.

Mtego wa pili ni steshenari. Wanatusaidia sana kujaza fomu, na hiyo nayo ni kazi mpya iliyoletwa na teknolojia, siwabezi. Lakini usikubali wakufungulie imeili halafu neno la siri libaki kwenye daftari lao. Binti wa jirani yetu hapa Mtanda aliitwa usaili na kampuni binafsi, barua ikaenda kwenye imeili ambayo hakuwa na ufunguo wake. Amekuja kujua wiki mbili baadaye. Kwenye Ajira Portal ni vilevile: majina ya walioitwa yanawekwa hadharani, ila namba yako ya usaili unaichukua ndani ya akaunti yako. Na Sekretarieti haitozi hata senti, kwa hiyo anayekudai "ya kufuatilia faili" ni tapeli, hata akiwa mjomba.

Kuhusu hela ya korosho, mtazamo wangu ni huu. Kozi ya miezi mitatu ya kuchapa na kutengeneza jedwali isikugharimu msimu mzima, hiyo sasa ni kama kujua kusoma tu. Kama lazima hela itoke, mimi ningeipeleka kwenye kitu kinachoshikwa na mkono na kiko hapa hapa: kutengeneza simu, kamera za ulinzi, umeme wa jua, kuvuta nyaya za mtandao maofisini. Programu jifunze, ndiyo, lakini toka na kitu kinachofanya kazi cha kumwonyesha mtu, hata kama ni mfumo mdogo wa duka la Mikumbi. Cheti peke yake hawakiangalii tena.

Mwisho ni la wale ambao tayari ni deiwaka, na wengi hawalijui. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema unachukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba uitwe jina gani, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama lipo hata moja kati ya mambo kadhaa. Baadhi ni haya: anakuongoza namna ya kufanya kazi au saa za kazi, umemfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anakupa vifaa, unamtegemea kwa kipato, au unamfanyia yeye tu. Hii ni ya Bara, Zanzibar wana sheria zao. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA: siku 30 kama umeachishwa, siku 60 kwa migogoro mingine. Kwa hiyo tunza ujumbe wa bosi, orodha ya laini ulizosajili na tarehe zake.

Kuna mdau yeyote wa kamisheni aliyewahi kufika CMA na kesi ya namna hii? Atuwekee hapo chini ilivyokwenda.