Karura, Kibaoni na ardhi inayodhaniwa haina mwenyewe

Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walifika kwenye lango la Msitu wa Karura, jijini Nairobi, wakitaka kupanda mti. Walinzi wa kukodiwa wakawashambulia. Maathai alipasuliwa kichwa, na alipokwenda kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, alitia alama kwenye fomu kwa damu yake mwenyewe.

Karura ni msitu wa hifadhi tangu mwaka 1932, wenye zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji. Katika miaka ya 1990 sehemu zake zilimegwa kimyakimya na kugawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Baada ya shambulio lile wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani, na tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi akatangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Wanaharakati wengi huishia hapo wanaposimulia kisa hiki. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba sehemu yenye faida zaidi kwao ndiyo kwanza inaanza. Msitu ulikuwa umeokolewa kutoka kwa wanyakuzi, lakini ulibaki umetelekezwa. Kwa miaka kumi hivi ulikuwa maficho ya majambazi na mahali pa kutupa maiti, na mwanamke asingethubutu kupita humo peke yake hata mchana. Ardhi ya umma isiyo na msimamizi wa karibu haikawii kuonekana mzigo, na mnunuzi wa mzigo hakosekani.

Kilichobadili hali kilikuwa kifungu cha sheria. Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2005 iliruhusu vyama vya wananchi kuingia mkataba na serikali wa kusimamia msitu kwa pamoja. Ndipo wakazi wa jirani wakaunda chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura. Uzio ukajengwa, na vijana wa Huruma, mtaa wa watu wa kipato cha chini ulio ukingoni mwa msitu, wakapewa kazi ya ulinzi na utunzaji. Mikaratusi ikaanza kupunguzwa na miti ya asili kurudishwa. Leo humo kuna pongo, nguruwe pori na fungo, na mbega waliohamishwa kutoka Kipipiri wamezaliana. Kiingilio kinalipwa langoni, jambo ambalo binafsi sijaliridhia kikamilifu, kwa kuwa wa Huruma na wa Muthaiga hawana mfuko mmoja.

Kwa nini nayaandika haya nikiifikiria Kibaoni? Kata hii ya Mpimbwe, mkoani Katavi, iko kwenye barabara itokayo Mpanda kuelekea Sumbawanga, upande wa pili wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mtu anaweza kuuliza: watu waliozungukwa na tembo na viboko wana haja gani ya bustani ya wanyama na miti katikati ya makazi yao?

Swali hilo linasahau historia. Serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1920 na 1930, iliwakusanya wakazi wa magharibi mwa Tanganyika kwenye makazi maalumu kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa msitu, na ramani zikauita msitu huo pori. Mwaka 1974 eneo hilo likawa Hifadhi ya Taifa, na baadaye likapanuliwa hadi kilomita za mraba zipatazo 4,471. Karibu na Ziwa Katavi umesimama mkwaju ambao wenyeji huacha sadaka kwa mzimu wa Katabi. Maana yake ni kwamba pori lile lina wenyewe wa zamani. Wanyama walilindwa kwa kuwatoa watu. Wananchi hawakupata nafasi ya kuwa walinzi wa kitu walichokichagua wenyewe.

Sasa makazi yanakua na bei ya viwanja inapanda. Kila mji wa Tanzania unalo korongo au kiwanja cha wazi kilichogeuzwa jalala, na siku moja wananchi huamka na kukuta kimewekewa mawe ya mipaka. Hapa watumishi wa umma wanaonisoma wanielewe vizuri. Chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji ni chombo chenye hadhi kamili ya kisheria: kinaweza kumiliki, kushtaki na kushtakiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa usimamizi wa ardhi, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kutenga msitu wake. Serikali ya mtaa mjini haina hadhi hiyo. Kijiji kinapopandishwa kuwa mji tunapiga vigelegele, bila kuona kwamba mikono iliyoweza kushika hati imekatwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kazi inapaswa kutangulia sherehe: azimio la mkutano mkuu wa kijiji, ramani yenye mipaka, sheria ndogo iliyopitishwa na wilaya. Miche ifuate baadaye. Mwaka 2025, serikali ya Kenya ilipoagiza malipo yote ya Karura yapitie kwenye mfumo wake wa kielektroniki, wale Marafiki hawakulazimika kurudi langoni kupigwa marungu. Walikwenda mahakamani, wakiwa na mkataba wao mkononi.