Ualimu na shahada ya mazingira

Mwanafunzi anayetaka kusomea mazingira chuo kikuu huku akijiandaa kuwa mwalimu sharti achague kozi kwa makini. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, humtaka mwalimu wa shule ya upili awe na masomo mawili ya kufundishia, na awe alipata angalau C+ katika kila somo kwenye mtihani wa KCSE. Mazingira si somo linalojitegemea katika KCSE. Mada zake zimo ndani ya Jiografia, Biolojia na Kilimo. Aliye na shahada ya mazingira aweza kuongeza stashahada ya uzamili katika elimu, mradi masomo hayo mawili yawemo. Asiyeuliza mapema huenda akahitimu, kisha akakosa kusajiliwa.