Adabu Uwanjani: Kutoka Zulia la Malkia hadi Kadi Nyekundu

Tarehe 23 Julai 1966, robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya England na Argentina ilisimama kwa dakika kadhaa pale Wembley kwa sababu mtu mmoja aligoma kutoka. Nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, alifukuzwa kabla ya mapumziko na refa Mjerumani, Rudolf Kreitlein. Akadai aletewe mkalimani, maana refa hakujua Kihispania. Alipokubali kutoka, alikwenda kuketi juu ya zulia jekundu lililotandikwa kwa heshima ya Malkia. Jambo lililosumbua zaidi lilijulikana baadaye: Bobby na Jack Charlton wa England walikuwa wameonywa katika mechi hiyo, nao wakapata habari hizo magazetini. Refa hakukosa ukali siku ile, kwa kuwa aliadhibu. Alikosa njia ya kuifanya adhabu ionekane, na adhabu isiyoonekana hubishaniwa na aliyepewa, hushukiwa na mashabiki, na haimfundishi yeyote.

Ken Aston, aliyewasimamia marefa wa mashindano hayo, aliijua shida hiyo vizuri. Mwaka 1962 mjini Santiago alichezesha mechi ya Chile na Italia iliyogeuka vita. Mwitalia Giorgio Ferrini alipokataa kutoka, ikabidi polisi wamwondoe. Baada ya mkasa wa Wembley, Aston akiwa garini jijini London aliona taa za barabarani zikibadilika rangi, akapata wazo la kadi za njano na nyekundu. Kadi zikaanza kutumika katika Kombe la Dunia mwaka 1970 nchini Mexico, na hakuna nyekundu hata moja iliyotolewa. Singeuchukua ukweli huo kuwa ushahidi kwamba adabu ilirudi kwa siku moja. Ya kwanza ilitoka 1974, akaonyeshwa Carlos Caszely wa Chile, na kuanzia hapo hakuna mchezaji aliyeweza kudai kwamba hakuelewa.

Wapo waliosema kadi ni kumdhalilisha mchezaji hadharani. England yenyewe ilizianzisha katika ligi mwaka 1976, ikaziondoa 1981, ikazirudisha 1987. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linasahau kwamba uwazi humbana refa pia: anayeinua kadi mbele ya maelfu ameuweka uamuzi wake wazi upimwe na kila mtu.

Wengine huamini dawa ni adhabu nzito. Januari 1995 Eric Cantona wa Manchester United alimrukia shabiki kwa teke. Akafungiwa hadi mwisho wa Septemba na kutozwa faini ya pauni 10,000. Mwaka 1998 Paolo Di Canio alimsukuma refa Paul Alcock, akafungiwa mechi 11 na kutozwa kiasi hicho hicho. Ni kweli Cantona alirudi akiwa mtulivu zaidi, hata akapewa unahodha. Lakini kilichouma ni miezi ya kukaa bila kucheza, kwani kwa mchezaji wa hadhi yake faini ile haikuwa kitu. Isitoshe, makosa kama hayo hutokea mara chache. Utovu wa adabu wa kila wiki ni kumzonga refa na kumfokea, na huo haufiki mbele ya kamati yoyote.

Ndiyo maana naona jibu liko kwenye adhabu ndogo inayouma papo hapo. Katika majaribio ya ligi za ridhaa za England, mchezaji aliyebishana na refa alitolewa nje kwa dakika 10, na ubishi ukapungua kwa asilimia 38. Kuanzia msimu wa 2019/20 utaratibu huo ukaenezwa zaidi. Wapinzani wanasema timu iliyopungukiwa itajazana golini na kuharibu burudani. Kadi nyekundu nayo huleta hali hiyo hiyo, na hatujawahi kuifuta kwa sababu hiyo. Euro 2024 ilipiga hatua nzuri kwa kumruhusu nahodha peke yake kumwendea refa kuuliza, na mwingine akionyeshwa njano. Hata hivyo, mchezaji wa ridhaa akimfokea refa hutazama mechi kutoka pembeni kwa dakika 10, ilhali mwenzake anayelipwa mamilioni huonyeshwa njano na kuendelea kucheza.