Upendo na Mapenzi: Asili ya Maneno na Matumizi Yake Katika Huduma ya Msiba

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza asili ya maneno mawili ambayo mhubiri huyatumia karibu kila Jumapili, yaani "upendo" na "mapenzi". Uchunguzi huu si wa lugha tu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Katika msiba, uwe mkubwa au mdogo, mchungaji hushawishika kusema kwamba lililotokea ni mapenzi ya Mungu. Je, aliyefiwa husikia nini katika neno hilo?

Maneno yote mawili yametokana na kitenzi kimoja, "penda". Kitenzi hiki ni cha Kibantu, na nduguze wamo katika lugha nyingine. Wakikuyu, kwa mfano, huita upendo "wendo". Maana yake ni pana, kwa kuwa asemaye "ukipenda" mara nyingi anamaanisha "ukitaka". Kiishio -o kilitupatia "upendo". Kiishio -i kiligeuza d kuwa z, tukapata "mpenzi" na "mapenzi". Ndiyo maana "mapenzi" hubeba mambo mawili: mahaba, na tena kusudi la mtu.

Katika Biblia ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952, agape ya 1 Wakorintho 13 imeitwa upendo, na thelema ya Sala ya Bwana imeitwa mapenzi. Maneno hayo ya Kigiriki hayana undugu; ya Kiswahili ni ya tumbo moja.

Lugha za Ulaya nazo zina historia yake. Luther alitumia Liebe katika Agano Jipya la mwaka 1522. Tyndale aliandika love mwaka 1526, na Thomas More akamlaumu kwa kuliacha neno charity, lililozoewa na Kanisa. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilirudisha charity katika sura hiyo, hata masahihisho ya mwaka 1881 yalipoleta tena love. Tena love na Liebe zina shina moja na maneno ya lugha hizo yenye maana ya kuamini. Basi Wajerumani na Waingereza wamerithi upendo ulio jirani na imani. Sisi tumerithi upendo ulio jirani na utashi.

Urithi huu ni baraka, lakini una hatari. Tukimwambia mama aliyefiwa na mtoto kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, aweza kusikia kwamba Mungu alipendezwa na kifo kile. Luther hakufundisha hivyo. Akieleza ombi la tatu katika Katekisimo Ndogo, asema mapenzi ya Mungu hutimizwa Mungu anapovunja kila shauri baya la Shetani, la ulimwengu na la mwili wetu, na anapotuimarisha katika neno lake na imani hata mwisho wetu. Tena katika Luka 22:42 neno hilo latoka kinywani mwa Yeye anayeteseka mwenyewe. Halisemwi na mwingine juu yake. Aliyefiwa aweza kuliomba kwa machozi. Sisi tusimtangulie kulisema kwa niaba yake.

Milima ya Uluguru inaweza kutufundisha jambo hapa. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na koo zao zimefungamana kwa utani. Mwanaanthropolojia James Christensen aliandika habari za utani huo mwaka 1963. Mtani afikapo msibani ana haki ya mzaha, lakini pia ana wajibu wa kazi za maziko. Hajaitwa kueleza sababu ya kifo. Amekuja kuchukua sehemu ya mzigo.

Hatusemi kwamba utani ni Injili. Twasema tu kwamba msikilizaji wetu anatambua upendo wenye mikono kabla ya kusikia hoja zetu. Mchungaji akitanguliza upendo wa namna hiyo, ndipo neno "mapenzi" litakaposikika kama lilivyozaliwa: kusudi la Yeye apendaye.